Damu ya Gwantwa

Kufikia Jumatano saa nne asubuhi, damu za watu tisa zilikuwa zimejaribiwa na damu ya Jenista, na zote tisa hazikupatana nayo. Boazi, mtaalamu wa maabara wa hospitali ya Tunduma, alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi la nje kuwaambia waliokuwa wakisubiri. Hakupenda habari ya namna hiyo itolewe dirishani.

Kwenye benchi alikuwapo Danford, mume wa Jenista, fundi pikipiki wa Chapwa, pamoja na wanakwaya wanne wa kanisani kwao waliokuja kujitolea. Walikuwa bado wamebana pamba mikononi pale walipochomwa sindano.

"Hata yangu?" Danford aliuliza. "Mimi na yeye wote ni kundi O. Tulipimwa pamoja alipokuwa na mimba."

"Kundi ni lile lile, kaka. Lakini damu ina alama nyingi, kundi ni moja tu kati ya hizo. Nikichanganya damu yako na maji ya damu yake, inashikana vipande vipande. Nikimwekea hiyo nitamuua."

"Sasa tufanyeje?"

"Nimeshatuma sampuli yake Mbeya, kwenye kituo cha damu cha kanda. Wao wana vipimo vya kujua anakataa kitu gani hasa. Tusubiri."

Mwanakwaya mmoja, mtu mzima mpenda mzaha, alitikisa kichwa. "Miaka minane wanalala kitanda kimoja, leo damu ya mke inamkataa mume."

Wenzake wakacheka, kwa uchovu zaidi kuliko kwa ubaya. Danford naye akacheka. Akaitoa ile pamba mkononi, akaikunja, na kwa kuwa hakuona mahali pa kuitupa akaitia mfukoni.

Maneno yale yalimtangulia kufika Chapwa. Alasiri alipofungua karakana, mteja wake wa kwanza alimwuliza kama ni kweli kwamba mkewe hawezi kuwekewa damu ya binadamu.

*

Jenista alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hii ilikuwa wiki ya nne akitokwa damu. Daktari alikuwa ameona vivimbe kwenye kizazi na kusema vitolewe. Lakini wingi wa damu yake ulikuwa nne na pointi mbili, na kwa kiwango hicho hakuna ambaye angethubutu kumpasua bila kuwa na chupa mbili za damu tayari. Kwa hiyo alilala tu. Akiinuka kwenda chooni moyo ulimwenda mbio mpaka akausikia masikioni, na viganja vyake vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyeshinda akifua.

Jumatatu, siku aliyolazwa, kitanda chake kilizungukwa na watu. Walikuja wauza mchele wenzake wa mpakani, wakaja majirani, wakaja watu wa kanisani. Hata mteja wake mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia, alivuka na mfuko wa machungwa, akamwita bamayo, yaani mama, akamwambia apone haraka kwa sababu mchele wa wengine una mchanga.

Alhamisi hakuja mtu. Si kwamba walimchukia. Walikuwa wamejitolea, wamechomwa sindano, wameambiwa damu yao haimfai, na hawakujua waje kusema nini tena. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na dada yake aliyekuwa akimwuguza, na huyo dada alimtazama Jenista kwa muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Ni wewe ambaye damu yako inakataa watu?"

"Ni mimi."

Yule dada alinyanyua kiti chake akakihamishia upande wa pili wa kitanda cha ndugu yake, akakaa huko.

Danford alikuwa ameanza kutuma chakula kwa bodaboda. Kila siku saa saba alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uji ulikuwa wa moto?"

"Ulikuwa wa moto."

"Erica anakusalimia. Yuko kwa jirani, hana shida."

Kisha kila mmoja alisikiliza kelele za upande wa mwenzake, huku nyundo za karakana, kule magurudumu ya kitoroli cha dawa, mpaka mmoja wao akakata.

Kulikuwa na jambo ambalo Jenista hakuwahi kumwambia mumewe. Miaka mitatu nyuma walipata mtoto wa pili baada ya Erica, wa kiume. Siku ya pili macho yake yaligeuka manjano, na siku ya nne akafa. Danford alilia, akazika, akarudi kazini. Jenista alilia pia, lakini kilio chake kilikuwa na hofu ndani yake. Nyumbani kwao watoto watatu walikufa hivyo hivyo, na kwa ajili yao mama yake alifukuzwa.

*

Ijumaa Boazi aliingia wodini na karatasi. Alikuwa amempigia Danford aje, na Danford alisimama mwisho wa kitanda, kofia ya pikipiki kwapani.

"Mbeya wamejibu," Boazi alisema. "Kuna alama moja kwenye damu ambayo karibu watu wote wa huku kwetu wanayo. Wewe, mama, huna. Ulipojifungua Erica uliongezewa damu?"

"Chupa mbili. Nilitokwa damu nyingi."

"Basi hapo ndipo mwili wako ulipokutana na hiyo alama. Ukaiona ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuipiga. Tangu siku hiyo haujaisahau. Na kila mtu tuliyempima hapa anayo."

"Mbona watu wengi wanawekewa damu na hayawapati haya?" Danford aliuliza.

"Ni kweli. Wengi miili yao inapokea na kunyamaza. Wachache miili yao inakumbuka. Mtu anazaliwa hivyo, na inaonekana ni jambo linaloweza kwenda na ukoo, ingawa wenye kuchunguza bado hawajalimaliza. Hakuna alichokosea." Akamgeukia Jenista. "Nahitaji ndugu zako wa baba mmoja, mama mmoja. Hao ndio wa kuwatazama kwanza."

"Sina. Walikuwa watatu, wakafa."

"Wakiwa watu wazima?"

Jenista alimwangalia mumewe kabla ya kujibu. "Wakiwa wachanga. Wote walizaliwa baada yangu. Walikuwa wanageuka manjano, wiki haiishi."

Danford alishika chuma cha kitanda. "Kama wa kwetu," alisema.

"Kama wa kwetu."

Boazi alisitisha kuandika. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko Ileje. Anaishi peke yake."

"Aliwahi kuwekewa damu kabla ya kuwazaa hao watatu?"

Jenista hakujua. Danford alimpigia simu Shangazi Roda wa Iyula, dada wa marehemu baba mkwe wake, ambaye ndiye aliyemlea Jenista, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Alipokuzaa wewe alikaribia kufa," Roda alisema baada ya salamu. "Damu ilimtoka, wakamwekea nyingine pale hospitali ya misheni. Kwa nini mnauliza habari za yule mwanamke?"

"Tutakupigia, shangazi," Danford alisema, akakata.

Boazi alichagua maneno. "Siwezi kuapa," alisema, "maana hao watoto hawakupimwa. Lakini ingekuwa ni mgonjwa mwingine yeyote ananieleza hivi, ningesema mama yako ana hali kama yako. Wewe ulizaliwa kabla hajawekewa damu, ukapona. Baada ya hapo mwili wake ukakumbuka, na mtoto yeyote aliyechukua hiyo alama kwa baba, kingamwili za mama zilimfuata tumboni. Kama mambo ni hayo, basi mama yako naye hana hiyo alama, na damu yake ndiyo tunayoitafuta."

Aliwaacha. Danford aliweka kofia sakafuni, akakaa kwenye kona ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini na mimi, mtoto alipokufa?"

Danford hakujibu upesi, na huko kutojibu upesi ndiko Jenista alikokuwa akikuogopa miaka yote mitatu.

"Walisema mama anawala wanawe," Jenista aliendelea. "Nilikuwa na miaka sita. Nilikuta watu wazima wanasema, na mimi nikasema, mbele yake. Alikuwa anafunga mzigo wake aondoke." Alivuta pumzi. "Nenda kamchukue, Baba Erica. Lakini usimwambie nimemwita mimi. Mwambie ni daktari."

*

Jumamosi asubuhi Danford alipita njia ya Mpemba kuelekea Isongole, kisha akaacha lami na kupanda vilima kwa njia ya udongo, akiuliza nyumba hadi nyumba. Alimkuta Gwantwa, mama yake Jenista, shambani, kati ya mistari ya maharage. Alikuwa amemwona mara moja tu maishani, siku ya harusi yake. Siku ile kiti cha mama wa bibi harusi kilikaliwa na Shangazi Roda, na Gwantwa alikula uani pamoja na wapishi.

Gwantwa alimtambua. Akaweka jembe chini taratibu.

"Amekufa?"

"Hajafa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sema basi."

Danford alieleza kama alivyoweza. Alichanganya alama na makundi, akarudia, akachanganya tena. Gwantwa alimsikiliza bila kumkatiza, kama mtu anayesikiliza habari ya mahali ambako hajawahi kufika.

"Ni yeye aliyekutuma," aliuliza mwishowe, "au ni daktari?"

Danford alikuwa amefundishwa jibu. Alimwangalia yule mwanamke wa miaka hamsini na minne, udongo umemganda hadi viwikoni, shamba kubwa hilo na hakuna sauti ya mtu mwingine.

"Ni yeye," alisema.

Gwantwa alijua anadanganywa. Watu wamemkwepa miaka mingi, na mtu anayekwepwa hujifunza kusoma nyuso. Lakini aliona kijana amemdanganya kwa kumhurumia, na hilo halikuwa limemtokea siku nyingi.

"Ngoja ninawe," alisema.

Hakuwa na mtu wa kumwachia nyumba. Alimwaga mahindi mengi uani kwa ajili ya kuku, akafunga mlango, akapanda pikipiki. Aliona haya kumshika mkwe wake kiunoni, akashikilia chuma cha nyuma mpaka wakaingia Tunduma, vidole vimekufa ganzi.

*

Kwenye mizani alikuwa na kilo hamsini na moja. Muuguzi alimwambia kwamba chini ya hamsini asingeruhusiwa. Wakampima maradhi yote yanayopimwa, akaonekana mzima. Boazi alichukua tone la damu yake akalichanganya na maji ya damu ya Jenista, akatazama, akatupa, akarudia upya, kisha akamwita mwenzake naye atazame. Hakuna kilichoshikana.

Kabla ya kumtoa damu alimweleza kila kitu, pamoja na habari ya watoto, kwa sababu aliona ni haki yake. Gwantwa alisikiliza macho yake yakiwa ukutani.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaua."

"Hapana, mama."

"Umesema ni damu yangu."

"Ilikuwa inakulinda wewe. Haikujua kuwa ni watoto, na wewe hukujua, na wakati ule pengine hata waliokutibu hawakuwa na namna ya kujua. Siku hizi mtoto wa hivyo akiwahiwa anawekwa kwenye taa maalumu, au anabadilishiwa damu. Wengi wanapona."

"Wanapona," Gwantwa alirudia.

Alikunja mkono wa nguo hadi juu ya kiwiko.

"Miaka ishirini na saba," Gwantwa alisema, "nilijua kwamba sikuwaroga. Hilo nililijua hata waliponitemea mate. Lakini usiku na mchana nilijiuliza, sasa ni kitu gani? Nililala vibaya? Nilikula nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka." Akanyoosha mkono juu ya meza. "Toa, mwanangu. Toa unayoitaka."

Chupa ilipopelekwa wodini Gwantwa aliifuata kwa mbali. Akasimama mlangoni hadi muuguzi alipomwambia apite, akae. Alikaa kwenye stuli upande ambao hakukuwa na mtu.

"Shikamoo, mama," Jenista alisema.

"Marahaba."

Damu ilianza kushuka. Boazi alibaki hapo robo saa nzima, saa mkononi. Alisema mwili ukikataa, huonekana mapema.

"Unasikia baridi? Mgongo hauumi?"

"Sisikii kitu."

"Kifua?"

"Hakuna kitu."

Wote watatu waliutazama ule mrija. Robo saa ikapita, Boazi akaandika joto la mwili, akaondoka. Mama na binti wakabaki.

"Yale maneno niliyasema, mama," Jenista alisema. "Nayakumbuka."

"Ulikuwa na miaka sita."

"Na kwenye harusi?"

Gwantwa aliangalia mikono yake, iliyokuwa safi sasa, na plasta nyeupe kwenye mshipa.

"Kwenye harusi ulikuwa mkubwa," alisema.

Jenista alianza kulia kimyakimya. Gwantwa hakumbembeleza, kwa kuwa hakujua tena namna ya kumbembeleza, lakini hakuondoka pia. Alikaa hadi chupa ikaisha.

*

Chupa ya pili ilitoka Mbeya Jumapili. Walikuwa wamepekua orodha yao ya wachangiaji wakampata mtu mmoja asiye na ile alama, wakamwomba, akaja. Jumatatu Jenista alipasuliwa. Vivimbe vilikuwa vimeshika kila mahali, ikabidi daktari atoe na kizazi. Alimweleza Danford nje ya chumba cha upasuaji, Gwantwa akiwa pembeni.

Danford alisimama palepale hata baada ya daktari kuondoka. "Nilitamani mwingine," alisema, bila kumlenga mtu.

"Unaye Erica," Gwantwa alisema. "Na huyu uliyemzika, mtaje. Usiache kumtaja mbele ya mama yake."

Tangu siku hiyo Danford hakutuma tena chakula kwa bodaboda. Alikileta mwenyewe, akakaa, na mara nyingine walizungumza habari za yule mtoto, jambo ambalo hawakulifanya hata siku aliyozikwa.

Jumatano Gwantwa aliaga. Boazi alikuwa amewaandikia kila mmoja kadi ya kutembea nayo, ili popote watakapotibiwa isitokee kuwekewa damu isiyowafaa.

"Kaa nyumbani kwetu mpaka nitoke," Jenista alimwomba. "Umzoee Erica."

"Maharage yataoza. Halafu sijazoea nyumba yenye watu. Juzi usiku nilipolala kwa huyo jirani yenu, kila mtu akikohoa nashtuka."

"Nikipona nikufanyie nini, mama?"

Gwantwa alifikiri. Hakuwa mtu wa kuulizwa swali hilo.

"Yule mtoto wa mwisho sikumzika," alisema. "Walinitoa asubuhi, wao wakamzika mchana. Nataka nione alipo."

*

Miezi miwili baadaye Jenista na mama yake walishuka barabarani pamoja, wakaifuata njia ya Iyula hadi kwenye boma la marehemu baba yake Jenista. Kahawa ilikuwa imeiva. Gwantwa alisimama ukingoni mwa uwanja, mahali ambapo nyasi zinaishia na ardhi iliyofagiwa inaanza, akakataa kwenda mbele.

Roda alitoka na fimbo. Alikuwa amepita miaka sabini, miguu imemvimba. Jenista alimsalimu, akamweleza yote pale pale, wamesimama: damu ya hospitali ya misheni, alama, kingamwili, mtoto wake mwenyewe aliyekufa. Hakuficha kwamba mtaalamu alikataa kuapa. Roda alisikiliza akichora ardhini kwa ncha ya fimbo.

"Hayo ya maabara mimi siyajui," alisema.

"Si lazima uyajue, shangazi. Tuonyeshe kaburi."

Roda aliinua macho akamtazama Gwantwa. Jenista alisubiri neno, hata dogo. Mama yake hakusubiri chochote, alikuwa anaitazama njia ya kuelekea nyuma ya nyumba.

"Pita basi," Roda alisema.

Walipita. Nyuma ya nyumba, mahali pa wazi, palikuwa na mawe mawili yaliyozama nusu kwenye udongo. "Wa kwanza na wa pili," Roda alisema, na Gwantwa akaitikia kwa kichwa, maana hao aliwajua. Kisha Roda akaingia kwenye kahawa. Alitembea polepole, akasimama, akageuka, akarudi hatua chache.

"Kahawa ilipandwa baadaye," alisema. "Kaka alipanua shamba mwaka ule wa pili. Ni mstari huu. Au ule wa pili yake. Sikumbuki vizuri, wifi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita wifi tangu siku alipofukuzwa. Gwantwa aliitazama mistari yote miwili.

"Mlimlaza kichwa upande gani?"

"Sikumbuki."

"Aliitwa nani, mama?" Jenista aliuliza. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Yesaya. Nilimpa mwenyewe jina hilo, siku ya tatu, nilipoona haponi."

Gwantwa alikunja kitenge chake, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza, akaanza kupalilia kwa mikono. Aling'oa magugu, akaondoa majani makavu, akavunja madongoa, mpaka chini ya mti ule pakawa na ardhi tupu, laini, kiasi cha mtoto mchanga kulala. Jenista, aliyekatazwa na daktari kuinama, alisimama karibu naye. Roda alisimama mbali kidogo, ameegemea fimbo, na hakuna aliyemwambia aende wala abaki.

Gwantwa alipomaliza alinyanyuka, akajifuta mikono. Akahamia kwenye mstari wa pili, akapiga magoti, akaanza upya.